Barua kwa Mwanangu: Kisu chenye Nukta Saba

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu na kukutakia afya njema. Mimi ni mzima, na kwa siku tisa sasa nimekuwa mzima kuliko kawaida, kwa sababu ambayo uliposimuliwa kwa simu uliicheka, kisha ukaniuliza kwa ile sauti ya upole unayoitumia unapohisi kwamba mama yako ameanza kuzeeka: "Mama, visu vyote hivyo bado havitoshi?" Sikukujibu ipasavyo siku ile, kwani kifurushi kilikuwa mapajani na mkono mmoja tu ndio uliokuwa huru kukifungua. Leo nimetulia, nina kalamu, na kisu chenyewe kiko hapa mezani pembeni ya karatasi, kwa hiyo nitakujibu kwa nafasi.

Kikiwa kimekunjwa kina urefu wa sentimita 10 na nusu, kiasi cha kujaa kiganja changu bila kuzidi. Mpini wake ni vipande viwili vya mfupa wa mguu wa ng'ombe, vilivyotiwa rangi ya kahawia na kuchongwa vijishimo vidogo vidogo uso mzima ili mkono usiteleze. Pale ambapo kidole gumba cha mtu fulani kilizoea kukaa, vijishimo hivyo vimelainika na rangi imepauka kidogo. Ncha zote mbili za mpini zimefunikwa kwa chuma cheupe ambacho watu hukiita fedha ya nikeli, ingawa ndani yake hamna fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki tu. Chini ya mfupa kuna mabamba membamba ya shaba ya manjano, ambayo ukikitazama kisu kwa mgongo yanaonekana kama mistari iliyopigwa kwa rula. Mabapa ni mawili, na yote hutokea upande mmoja: moja lina ncha iliyochongoka, jingine ni refu lenye ncha butu, ambalo kwa asili lilibuniwa kwa kuhasi mifugo, ndiyo maana halina pembe ya kumchoma mnyama pasipotakiwa. Usicheke. Wategaji wa wanyama wa manyoya walilipenda bapa hilo kwa kuchunia ngozi, na kisu kikapewa jina lao: Trapper.

Sasa kuna jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha. Unapoingiza ukucha katika mfuo wa bapa na kuanza kulivuta, springi iliyo mgongoni hukataa kwanza, kana kwamba hujakaribishwa; ukifika katikati huacha kubishana, na hatua ya mwisho bapa huimaliza lenyewe kwa mlio mmoja mfupi, tak. Sisi wakusanyaji huitambua afya ya kisu cha aina hii kwa mwendo na mlio huo. Springi ikichoka, bapa hufunguka kwa uvivu na kuyumba likiwa wazi. Uchafu ukijaa kwenye ribiti, utasikia mkwaruzo badala ya mlio. Binadamu wamekunja visu tangu kale, na kule Hallstatt, Austria, kilipatikana kimoja chenye mpini wa mfupa kinachokadiriwa kuwa cha miaka ya 600 hadi 500 kabla ya Kristo. Lakini hicho kilishikiliwa kwa msuguano tu, na kwangu kisu kisichokuwa na springi ni kama mtu anayekusikiliza bila kukujibu. Hiki changu hujibu. Jioni ya kwanza nilikifungua na kukifunga hata paka akahama chumba.

Najua swali lako halikuhusu mlio. Uliuliza kwa nini hiki, wakati ninavyo vingine vitatu vya umbo hilihili kabisa, vya kiwanda hichohicho. Jibu limeandikwa kwenye msuka, yaani ile sehemu ya bapa iliyo karibu na mpini ambayo hainolewi, na huwezi kulisoma bila lenzi.

Kiwanda chenyewe ni W.R. Case & Sons cha Bradford, Pennsylvania, Marekani. Ukoo wa Case ulianza kuuza visu Little Valley, New York, mwaka 1889, na kampuni hii imekuwa Bradford tangu 1905. Visu vizuri hutengenezwa na wengi, lakini hawa waliwapa wakusanyaji kitu ambacho wengi hawakujali kukitoa, nacho ni tarehe. Kuanzia takriban mwaka 1940 hadi 1964 waligonga kwenye msuka maneno CASE XX peke yake. Zile X mbili zilimaanisha kwamba chuma kimepitishwa kwenye moto wa kukikomaza mara mbili. Mwaka 1965 wakaongeza U.S.A. chini yake. Halafu mwaka 1970 mtu mmoja mwenye akili, ambaye ningependa kumshika mkono, akafikiria kuweka nukta kumi chini ya maandishi hayo na kuondoa nukta moja kila mwaka. Kwa hiyo kisu cha 1970 kina nukta kumi, cha 1971 kina tisa, cha 1972 kina nane, na hivyo hivyo hadi 1979, ambapo inabaki moja. Kadiri nukta zinavyokuwa nyingi ndivyo kisu kilivyo kikongwe, jambo ambalo huwachanganya wageni wa shughuli hii, kwa kuwa kila mtu hutarajia umri uongeze alama badala ya kuzipunguza.

Upande wa pili wa msuka kuna namba, 6254, nayo ina maana yake. Tarakimu ya kwanza ni ya mpini, na 6 ni mfupa uliochongwa. Ya pili ni idadi ya mabapa. Zilizobaki, 54, ni umbo. Ukishajua hivyo, unaweza kuambiwa namba gizani na ukakiona kisu kizima. Ila usiiamini hiyo 6 kwa macho yaliyofumba, kwani kuna kipindi ambapo baadhi ya mipini iliyohesabiwa kuwa ya mfupa ilitengenezwa kwa plastiki ngumu. Mimi huangalia ukingo wa mpini kwa lenzi, nitafute vijitundu vidogo ambamo damu ya mnyama ilipita alipokuwa hai. Plastiki haikuwahi kuwa hai.

Mimi nilizaliwa 1973. Hesabu nukta.

Nilikuwa na miaka 41 nilipouelewa mpango huo kwa mara ya kwanza, nikiwa nasoma jarida la wakusanyaji, na tangu siku ile nikatamani 6254 yenye nukta saba, yenye mabapa ambayo hayajaliwa na kinoo, na mfupa usio na ufa. Unaweza kudhani jambo hilo ni jepesi, maana kiwanda hakikutengeneza visu vichache. Ugumu ni kwamba visu hivi havikutengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Vilitengenezwa vifanye kazi, na vikafanya. Vingi vilivyobaki vimenolewa hata bapa limekuwa jembamba kama jani la mchaichai, au mabapa yake ni mabamba ya chuma ambayo mara ya mwisho kuonja mafuta yalikuwa kiwandani, maana chuma cha zamani si kile kisichoshika kutu.

Mara moja nilidhani nimekipata. Hili sikukusimulia, kwa aibu. Muuzaji mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, alinitumia picha zilizong'aa sana, nikahesabu nukta saba, nikalipa usiku uleule bila kuuliza swali hata moja. Kilipofika nilikiona kizuri mno, na uzuri huo ndio ungenishtua kama ningekuwa na utulivu: mabapa yalikuwa yanameremeta kama kioo, pembe zote zimekuwa laini, na herufi za CASE zilionekana kana kwamba zimeandikwa juu ya sabuni iliyoanza kuyeyuka. Mtu alikuwa amekisugua kwenye gurudumu la umeme la kung'arishia ili kuondoa madoa. Nikachukua lenzi, nikakielekeza kisu kwenye mwanga wa dirisha kwa mshazari, na pale pembeni mwa nukta ya saba nikaona kivuli cha nyingine, kama alama ya kidole kwenye vumbi. Kilikuwa cha 1972. Wapo ambao wangefurahi kwa kuwa ni kikongwe zaidi ya walivyodhani, lakini mimi nilikaa na kile kisu mkononi nikajihisi kama mtu aliyekwenda kumpokea mgeni wake kituoni akamkumbatia mwingine. Ni kile cha pili kutoka kushoto kwenye droo yangu. Nimekiweka ili kinikumbushe kuuliza.

Baada ya hapo nilisubiri, na kusubiri huko si kama unavyofikiri. Hukai tu ukatamani. Unatazama mamia ya misuka kwenye picha, unajifunza jinsi kingo za herufi zinavyokuwa kali kwenye kisu ambacho hakijasuguliwa, unajifunza kuona kama bapa limefupishwa kwa kuangalia linavyokaa ndani ya mpini likifungwa, na siku moja unagundua kwamba unakataa kisu ndani ya sekunde tatu bila kuweza kueleza mara moja kwa nini. Kwa hiyo mwezi uliopita, mkusanyaji mmoja mzee tunayeandikiana aliponitumia picha mbili zisizo na mwanga wa kutosha, zikionyesha kisu kilichofungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, moyo wangu ulijua kabla sijachukua lenzi. Mabapa yalikuwa na ule weusi wa kibuluu unaokuja wenyewe kwenye chuma cha kale kilichotumika kidogo na kutunzwa sana. Hakuna aliyejaribu kukipendezesha.

Hapo ndipo penye habari ambayo sikukuambia kwa simu. Mzee huyo hakutaka fedha. Alitaka tubadilishane, na alichagua vitu vitatu: vile viwili vidogo vya Sheffield, Uingereza, vyenye mipini ya pembe, ambavyo nilivitoa bila hata kuguna, na kile cha Kijapani, Higonokami. Najua ulivyokipenda. Ulipokuwa na miaka tisa ndicho kisu pekee nilichokuruhusu kukifungua, kwa sababu hakina springi ya kukurukia. Kina kile kijimkia cha chuma nyuma ya bapa unachokisukuma kwa kidole gumba, na bapa likiwa wazi gumba lako hubaki limekikandamiza ili lisijifunge. Ulikuwa ukikaa sakafuni na kukifungua polepole, ulimi ukiwa nje kwa umakini. Nilichukua siku mbili kabla ya kumjibu mzee. Nilikupigia siku ya pili, ukumbuke, tukazungumza juu ya mambo yako ya kazi kwa nusu saa, nami nikashindwa kuuliza. Kesho yake nikakubali. Sikuombi unisamehe kwa kisu ambacho kilikuwa changu, lakini nilitaka ulisikie kutoka kwangu kabla hujafungua droo na kukuta nafasi tupu.

Je, nitakitumia? Katika hili wakusanyaji hugombana kama mawifi. Wapo wanaosema kisu kilichosalimika miaka hamsini na zaidi ni dhambi kukikatia hata uzi, na wapo wanaosema kisu kisichokata ni kipande cha chuma chenye majivuno. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, nami nina visu thelathini na moja vikali ambavyo nyama havijaigusa. Hiki nimekitia tone moja la mafuta kwenye kila ribiti, nikafuta alama za vidole vyangu kwenye mabapa, kwa sababu jasho ndilo huleta kutu, na nimekitumia mara moja tu: nilifungulia bahasha ya barua yako ya mwisho. Karatasi ilipasuka bila kutoa sauti.

Nina ombi moja. Utakapokuja, uniletee macho yako. Nimezihesabu nukta hizi kila asubuhi kwa siku tisa, kwa lenzi, kwenye mwanga wa dirisha, kwa mshazari, na kila asubuhi ninapata saba; herufi zina kingo kali, na pembeni mwa nukta ya saba ni chuma kitupu, sioni kivuli cho chote. Lakini macho yangu nayo yalitengenezwa 1973. Utakaa pale kwenye kiti cha dirishani, nitakupa lenzi, na sitakuambia neno hadi utakapomaliza kuhesabu.

Ni mimi mama yako akupendaye.