Kamati za Bunge: Ripoti kuandikwa ni jambo moja, kutekelezwa ni jingine

Mhariri,

Watu wengi waliodhulumiwa huandikia Bunge la Kenya wakidhani kamati ni mahakama. Kamati ya Kudumu ya Seneti kuhusu Haki, Masuala ya Kisheria na Haki za Binadamu haina uwezo wa kumfunga polisi wala kuamuru familia ilipwe fidia. Kazi yake ni kuita watu, kuwahoji, kudai stakabadhi na kutoa mapendekezo. Katika hayo lakini ina nguvu nyingi: Kifungu 125 cha Katiba kinaipa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu ya kumlazimisha shahidi afike na kuapishwa, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000.

Kwa hivyo anayewasilisha ombi chini ya Kifungu 119, kinachompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo, aombe kitu ambacho kamati inaweza kukifanya. "Tunaomba haki itendeke" haimpi mbunge pa kuanzia. Aandike hivi: "Tunaomba kamati imwite Inspekta Jenerali aeleze faili hii imefika wapi, na idai ukurasa wa OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) wa usiku ule na ripoti ya upasuaji wa maiti." Hapo kuna mtu wa kuitwa na karatasi ya kuitishwa.

Maombi mengine hukwama kwa Karani wa Bunge, ambaye ana siku saba za kukagua kama sheria ya 2012 kuhusu utaratibu wa maombi kwa Bunge imefuatwa. Sheria hiyo inataka useme umeshapeleka malalamiko wapi, IPOA (mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi) au KNCHR (Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu) kwa mfano, ukajibiwa nini, na kama jambo lenyewe liko mahakamani. Msifiche kesi. Itajulikana tu, na kanuni haziruhusu kujadili jambo ambalo majaji bado wanalisikiliza. Sahihi au alama ya kidole gumba iwe halisi, iwekwe kwenye ombi lenyewe pamoja na nambari ya kitambulisho. Orodha iliyobandikwa haikubaliki. Ombi likizidi ukurasa mmoja, kila ukurasa uonyeshe mada. Barua na hati za viapo zisiambatanishwe, zitunzwe zitolewe mbele ya kamati siku ya kikao. Na hakuna haja ya kumlipa mtu wa kutafsiri, kwani ombi la Kiswahili lina uzito uleule wa la Kiingereza.

Likishasomwa katika Seneti, kamati ina siku 60. Ni chache kuliko zinavyosikika. Wizara ikituma afisa asiye na majibu, kamati humrudisha, barua nyingine ya mwaliko huandikwa, na wiki zimeshakwenda. Wenyeviti watumie hati ya kuita mashahidi mapema badala ya kubembeleza.

Linalouma zaidi ni yanayofuata ripoti. Kuiweka mezani si kuipitisha. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013 na kufikishwa Bunge la Kitaifa mwaka huohuo, kisha miaka ikapita bila kupitishwa, huku waathiriwa wa mauaji ya Wagalla, Wajir, yaliyofanywa na vikosi vya usalama mwaka 1984, wakizeeka na wengine wakifa bila fidia. Tena shughuli ambayo haijakamilika muhula wa Bunge unapoisha huanguka. Anayetaka kuwasilisha ombi ahesabu miezi iliyobaki kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.

Kanuni za Bunge la Kitaifa zinampa waziri siku 60 baada ya azimio kupitishwa aeleze ametekeleza nini. Tunaziomba afisi za makarani wa mabunge yote mawili zichapishe jedwali kila robo ya mwaka: pendekezo, wizara inayohusika, tarehe ya mwisho, lililofanyika. Wananchi hawawezi kufuatilia ahadi wasiyoiona.

Kuna na suala la fedha. Bajeti ya KNCHR hukaguliwa na Kamati ya Haki na Masuala ya Kisheria ya Bunge la Kitaifa, si Seneti. Hazina huwasilisha makadirio kufikia Aprili 30, na Kifungu 221 kinailazimu kamati kupokea maoni ya umma. Mashirika yanayolalamika kwamba tume haina wachunguzi wa kutosha yapeleke maoni yao kwa maandishi mwezi wa Mei. Ikifika Julai, fedha zimeshagawanywa.

Mfuatiliaji wa shughuli za Bunge,
Mombasa