Kiwanja cha timu kiandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloziumiza timu zetu za mitaani hapa Moshi.

Timu yetu ya Pasua ilichangishana kwa miaka minne kununua kiwanja cha mazoezi. Waliotoa ni mafundi gereji, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda. Tulikuwa tumesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na katiba tunayo. Tukaamini hati ile ya usajili imemaliza kila kitu, na karatasi za mauziano tukaziandika kwa jina la mwenyekiti. Alikuwa mtu mwaminifu, hakula hata senti ya timu, Mungu amrehemu. Alipofariki, msimamizi wa mirathi alikihesabu kiwanja kuwa mali ya marehemu. Siwalaumu watoto wake, maana karatasi zilisema hivyo. Leo pamejengwa vyumba vya kupangisha.

Usajili wa michezo unaitambulisha klabu, unaipa ruhusa ya kushiriki mashindano. Ardhi ina njia yake. Ipo Sheria ya Ujumuishaji wa Wadhamini, Sura ya 318, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Wanachama wanateua wadhamini, yaani watu wa kuitunzia klabu mali yake, si wafadhili wanaotoa jezi na fedha; wadhamini hao wanasajiliwa kama bodi, na bodi ndiyo inayomiliki mali, inayoshtaki na kushtakiwa. Mdhamini mmoja akifa au akihama, anateuliwa mwingine na kiwanja kinabaki pale pale. Yanga iliyoanza 1935 na Simba iliyoanza 1936 zina wadhamini, ndiyo maana viongozi wamepokezana miaka yote hii na majengo ya Jangwani na Msimbazi yakabaki ya klabu.

Tangu Simba ianze safari ya kubadili mfumo wa umiliki mwaka 2017, kila kijiwe kinajua hesabu ya hisa asilimia 49 za mwekezaji na 51 za wanachama. Timu ya mtaa ambayo mali yake yote ni kiwanja kimoja, magoli mawili na seti ya jezi haina wa kuizungumzia.

Ombi langu ni kwa maofisa michezo wa Manispaa ya Moshi na Jiji la Arusha. Kiongozi wa timu anapokuja kuulizia usajili, aulizwe pia: mali zenu zimeandikwa kwa jina la nani? Aelekezwe RITA siku hiyo hiyo, na aonyeshwe kipengele cha wadhamini kinavyoandikwa kwenye katiba. Wengi wetu elimu yetu ni ya darasa la saba. Tukipewa fomu bila maelezo tunaiweka kabatini.

Daftari letu la michango bado ninalo, lina majina na kiasi alichotoa kila mmoja. Kiongozi wa timu yoyote anayetaka kuliona kabla hajanunua kiwanja, aje Pasua nitamfungulia.

Mwanachama wa zamani,
Pasua, Moshi