Barua kwa Rehema kuhusu lile dude la ufuoni

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Rehema,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotumaliza. Video yako ya lile dude lililotupwa ufuoni niliipata, na ule ujumbe wa sauti wa shemeji nimeusikiliza mpaka mwisho, pale anaposema “huyo mwalimu wa baolojia atuambie kama dinosaria wamekwisha kweli.” Nimecheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni.

Mwambie kwanza kwamba video hiyo si ya juzi, wala haikupigwa Lindi kama walivyoandika juu yake. Ni ya Indonesia, ufuo wa Hulung, kisiwa cha Seram, Mei 2017. Lilikuwa pande la nyama la mita kama 15, limevimba, maji yote pembeni yamegeuka mekundu, na watu wakasema ni ngisi mkubwa. Wataalamu walipotazama picha wakaona ile mifereji ya kooni na mabamba ya kinywani ambayo nyangumi wa aina fulani huchujia chakula. Nyangumi aliyeoza, basi.

Hayo ningeweza kukujibu kwa simu. Ninakuandikia kirefu kwa sababu shemeji ameuliza swali zuri bila kujua: inakuwaje watu wenye akili zao, na wengine wasomi, wanasimama mbele ya mzoga mmoja na kila mtu anaona mnyama wake? Nikupe kisa ninachokipenda kuliko vyote vya namna hii.

Huko Scotland kuna visiwa vya Orkney, na kimojawapo kinaitwa Stronsay. Tarehe 25 Septemba 1808 mvuvi mmoja, John Peace, alikuwa baharini karibu na rasi ya Rothiesholm, akaona ndege wamejazana juu ya kitu kwenye miamba. Akadhani nyangumi amekufa. Kusogea, akakuta kitu asichokijua. Siku kadhaa baadaye dhoruba ikakitupa nchi kavu, watu wakaenda kukitazama, na seremala mmoja akakipima kwa rula yake ya kazi: futi 55, yaani karibu mita 17. Kina shingo ndefu nyembamba na kichwa kidogo. Kina manyoya magumu yaliyofuata mgongo mpaka mkiani. Na kina miguu sita. Miguu sita, Rehema! Mashahidi walipelekwa Kirkwall wakaapishwa mbele ya mahakimu, wakasimulia yale yale.

Habari zilipofika Edinburgh, chama kimoja cha wanazuoni wa viumbe kilizipokea kwa mikono miwili. Katibu wake, Patrick Neill, akampa mnyama jina la kisayansi kabisa, Halsydrus pontoppidani, kwa heshima ya Pontoppidan, askofu wa Norway aliyekuwa ameandika habari za majoka ya baharini zaidi ya miaka 50 nyuma. Yaani joka likapata cheti cha kuzaliwa kabla mtu yeyote wa chama hicho hajakanyaga ufuo wa Stronsay.

Sasa sikiliza jambo moja walilosema wale mashahidi. Walisema ngozi yake ukiipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini, ukirudisha mkono inakukwaruza.

Wewe umezaliwa hapa, umekulia Deep Sea sokoni na mama yako. Ni mnyama gani huyo? Hata mtoto wa darasa la pili wa Kigombe atakuambia papa. Ngozi ya papa ina vimeno vidogo vidogo vilivyolala vyote upande wa mkia, ndiyo maana mkono ukienda navyo huteleza na ukirudi hukwama. Wazee walikuwa wakiitumia kulainishia mbao kabla msasa haujawa kitu cha dukani. Watu wa Stronsay walikuwa wameshasema jibu lote, ila hakuna aliyewasikiliza sehemu hiyo. Kila mtu alikuwa amenogewa na miguu.

Papa mwenyewe hatumpati kwenye maji yetu. Ni papa mkubwa sana wa bahari za baridi, Waingereza humwita basking shark, ambaye kama papa potwe wetu wa Mafia hawindi mtu. Huogelea kinywa wazi akichuja vijidudu vya majini. Taya zake na mashavu yake ni makubwa mno na yameshikwa na nyama tu. Anapokufa na kuoza, hayo ndiyo yanayoanguka mwanzo. Kinachobaki mbele ni fuvu dogo na uti wa mgongo mtupu, na hapo umeshapata kichwa kidogo na shingo ndefu. Mkia nao: uti wa mgongo wa papa hupanda kwenye pezi la juu la mkia, na lile la chini halina kitu cha kulishika. Likidondoka, mkia unabaki mmoja, mrefu, umechongoka kama wa joka. Miguu je? Hesabu mapezi mawili ya kifuani, mawili ya tumboni, na kama papa ni dume, viungo vyake viwili vya uzazi vinavyoning'inia nyuma ya yale ya tumboni. Sita kamili.

Na manyoya? Hapo ndipo ninapowacheka kidogo wale mabwana wa Edinburgh, maana wangekuwa na jiko la pwani wasingesumbuka. Siku ukiloweka pezi la papa mkavu, lile nene la mgongoni, liache mpaka ngozi ilegee, kisha livue. Ndani utakuta nyuzi, mamia kwa mamia, zimelala sambamba zimebanana, rangi ya kaharabu, ukiziinua kwenye mwanga zinapitisha nuru. Ukizivuta moja moja hazikatiki upesi; zinapinda na kurudi. Pezi likiwa zima hata huwezi kujua kama zimo. Likioza, nyama na ngozi vinaondoka na nyuzi zinabaki zimesimama peke yake, ngumu, kavu, kutoka mabegani hadi mkiani. Mtu akikuapia kwamba ameona manyoya, ameona kweli.

Everard Home, daktari mpasuaji mkubwa wa London, alipata vipande vya uti wa mgongo, akavilinganisha na vya papa huyo, akatangaza mwaka 1809: huyu ni papa, yamekwisha. Kwenye mnyama alipatia. Lakini akaongeza kwamba wenyeji wamekosea vipimo, na hapo Edinburgh ikapandwa na hasira. John Barclay, mwalimu wa anatomia, akasimama kuwatetea watu wa Orkney na joka lao. Mimi nikisoma kisa hiki naona nusu ya vita ilikuwa ya London na Edinburgh, mnyama alikuwa kisingizio. Hata hivyo, kuhusu urefu ugomvi haujaisha, kwa sababu papa wa aina hiyo wanaojulikana wanafika kama mita 12 hivi, na yule seremala alikuwa fundi aliyeishi kwa kupima. Mwachie shemeji hizo mita tano azichezee. Ila asije akaniambia ni dinosaria.

Ugonjwa huu haukubaki Orkney. Novemba 1896 watoto wawili walikuta pande kubwa jeupe kwenye mchanga wa kisiwa cha Anastasia, karibu na mji wa St. Augustine, Florida. Daktari wa mji, DeWitt Webb, akaliendea, akalipiga picha, akakata vipande, na baadaye akatafuta watu na farasi kulivuta juu lisichukuliwe na maji. Nampenda sana Webb. Hakuwa na jina kubwa, lakini ndiye aliyelowa miguu. Barua zake zikamfikia Addison Verrill, profesa wa chuo cha Yale, bingwa wa ngisi na pweza nchini Marekani, naye bila kutoka alipo akaamua: kwanza ni ngisi, halafu, hapana, ni pweza, mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kusikika. Akampa jina, Octopus giganteus. Mapema mwaka 1897 vipande vya nyama vilipomfika mkononi, akaona vinafanana na nyama ya nyangumi, akalifuta jina lake mwenyewe hadharani. Kwa hilo nampa heshima yake. Maprofesa wanaofuta walichoandika ni wachache.

Lakini jina likishatoka halirudi. Mwaka 1971, miaka zaidi ya 70 baadaye, watafiti wengine walipima vipande vilivyohifadhiwa wakasema ni pweza kweli. Mwaka 1995 Sidney Pierce na wenzake wakavipima upya kwa hadubini ya elektroni na kwa kuchunguza protini, wakakuta kolajeni tupu, ile protini ya nyuzi inayoshikilia mwili, ya mnyama mwenye damu moto: nyangumi. Hiyo kolajeni ndiyo inayodanganya watu. Mafuta ya nyangumi yaliyo chini ya ngozi yamefumwa ndani ya wavu wa nyuzi ngumu ajabu. Nyama ikioza, mifupa huchomoka na kuzama, mafuta huvuja taratibu, na wavu ule unabaki unaelea, mweupe, hauna macho wala mifupa, shoka likiupiga unalikataa. Ukiupata ufuoni baada ya wiki kadhaa, huna pa kuanzia kumjua mwenyewe. Lile lililotupwa Chile mwaka 2003, karibu na Los Muermos, la mita kama 12, liliitwa pweza vilevile, mpaka vinasaba vilipopimwa: nyangumi mwenye kichwa kikubwa, yule yule anayetupa ambari.

Najua shemeji atarukia ile picha ya Wajapani, kwa hiyo nimalize mapema. Ni kweli, tarehe 25 Aprili 1977 meli ya uvuvi Zuiyo Maru ilivua mzoga wa mita kama 10 karibu na New Zealand, na unafanana mno na wanyama wa kale wenye shingo ndefu. Wakaupiga picha, wakautupa baharini usije ukaharibu samaki wao. Lakini mmoja wao, Michihiko Yano, alikuwa na akili ya kukata nyuzi kutoka kwenye pezi. Zilipopimwa maabara, protini yake ilikuwa ya papa yule yule wa Stronsay. Unaona nyuzi zilivyo na faida?

Usidhani nasema bahari haina siri. Ningesemaje hivyo nikiwa Tanga? Silikanti, yule samaki wa kale, aliaminiwa kuwa ametoweka tangu enzi hizo hizo za dinosaria, miaka kama milioni 66, mpaka Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ndogo ya East London, Afrika Kusini, alipomkuta kwenye lundo la samaki wa meli. Na tangu 2003 wavuvi wetu wamekuwa wakimtoa hapa hapa kwenye nyavu za jarife zinazozama kina kirefu, wengi kiasi kwamba mwaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mjomba wangu alimwona mmoja Kigombe, mafuta yanamtoka, magamba kama ngao. Anasema hakuna aliyemtamani kwa mchuzi. Ila tazama tofauti: silikanti alikuja na magamba, mapezi na kichwa chake. Marjorie hakuhitaji kubuni kilichokosekana. Alichora alichokiona, akampelekea J. L. B. Smith, bingwa wa samaki, mchoro, na mchoro ulitosha kumfanya Smith akose usingizi. Mizoga hii mingine kila mara inakuja imepungua, na watu wanajazia kutoka vichwani mwao, na kichwani kwa shemeji mna dinosaria.

Kwa hiyo likitokea dude ziwani kwenu (najua, najua, nyangumi hawapandi Mwanza, lakini kiboko aliyekaa majini wiki mbili anatosha kuangusha mji), mwambie asianze na jina. Apige picha pande zote huku ameweka kitu kinachojulikana ukubwa wake pembeni, mtu au kasia. Akate kipande kidogo akitie kwenye chupa yenye spiriti. Apapase ngozi huku na huku, kwa glavu lakini, maana mizoga ina maradhi. Kisha awapigie watu wa uvuvi. Akishamaliza hayo yote, ruksa kurekodi ujumbe wa sauti.

Mama anakusalimu, anauliza dagaa wake uliomwahidi Ramadhani wamefia wapi. Na mimi nauliza hivyo hivyo, kwa adabu zaidi. Ukija Desemba, mje na shemeji, nimpeleke kwa Mjomba Kigombe wakabishane wao kwa wao. Mjomba hashindwi, na hana haraka.

Wasalaam,
shoga yako Mwanaidi