Uvimbe wa kizazi: tiba bila kisu itufikie na sisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mwaka jana dada yangu, muuza ndizi hapa Moshi, alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Miezi miwili hakunyanyua hata ndoo ya maji. Hakuna aliyemwambia kama kuna njia nyingine.

Ipo. Mawimbi ya sauti, jamaa ya yale wajawazito wanayopimiwa, hukusanywa yakakutana sehemu moja ndani ya mwili, kama jua linavyokusanywa na kioo cha kukuzia hadi karatasi ikaungua. Uvimbe hupata joto kali ukafa, ngozi haikuguswa na kisu. Marekani iliruhusu tiba hii kwa uvimbe wa kizazi mwaka 2004! Watafiti wanaitumia pia kufungua kwa muda ukuta wa asili unaozuia vitu vya kwenye damu kuingia ubongoni, ili dawa zipenye.

Najua si kila uvimbe unafaa, na mashine ni ghali. Lakini wanawake wetu wanaumia. Naiomba Wizara ya Afya isomeshe wataalamu wa Kanda ya Kaskazini, na madaktari wamweleze mgonjwa njia zote kabla hajatia saini ya kupasuliwa.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi