Kopo la Dagaa na Karatasi Nne

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Kirumba. Sisi hatujambo. Bibi yako anauliza kila siku kama Morogoro kuna baridi na kama umepata blanketi la pili.

Kwenye begi nililompa kondakta kuna kopo la dagaa wa kuanikwa juani, niliowachambua kwa mkono wangu hadi saa nne usiku. Chini ya kopo kuna bahasha yenye karatasi nne za maabara. Hizo karatasi ndizo zimenikalisha niandike. Kuanzia mwezi ujao utaingia kliniki ya huko peke yako, mbele ya daktari asiyekujua, na mimi sitakuwepo kwenye benchi kumweleza yaliyokupata ukiwa kidato cha tatu. Itabidi uyaeleze wewe. Kwa hiyo nataka uyajue yote, hata sehemu ambazo ulikuwa mgonjwa mno kuzifuata, na hata nilipokosea mimi.

Ulirudi likizo ya Juni ukasema nyayo zinawaka moto, na vidoleni unahisi kama sisimizi wanatembea. Nikakwambia ni viatu vya shule. Mama yako akasema ni sikoseli, ule ugonjwa wa damu uliozaliwa nao. Mwanangu, nimelifikiria sana hilo jibu. Kwenye nyumba yenye sikoseli kila kinachouma huitwa sikoseli, mpaka ugonjwa mwingine ukiingia hakuna anayeuliza hodi ya nani. Nikakupeleka kupima wingi wa damu, ikaja 7.6. Wewe kila siku uko kwenye saba na kitu, tukashukuru Mungu, tukakurudisha bwenini.

Agosti matroni akapiga simu. Alisema mchana unatembea vizuri kabisa, ila usiku umeme ukikatika, ukienda chooni, unayumba kama mtu aliyelewa, na mara mbili umeanguka. Lile neno “gizani” ndilo lililokuokoa, kwa kuwa nililirudia kwa daktari kama nilivyolisikia. Akainuka kwenye kiti. Akakusimamisha katikati ya chumba, miguu pamoja, akakuambia ufumbe macho. Nilikudaka mimi. Akanieleza kwamba mwili hujua miguu ilipo kwa njia ya mishipa ya fahamu, na mishipa ikichoka, macho huisaidia. Ukiyafumba, au taa ikizimika, msaada umeondoka.

Kisha akaniuliza swali ambalo miaka yote ya kliniki sikuwahi kuulizwa: huyu binti anakula nini?

Shuleni mlikuwa mkila ugali na maharage, wali na maharage, na makande. Nyama ya Jumapili ulikuwa ukiwapa wenzako. Samaki hukumpenda tangu utotoni, kwa ile harufu niliyokuwa nikirudi nayo nyumbani kwenye nguo. Maziwa yalikuwa yakikusumbua tumbo. Ilikuwa hivyo kwa karibu miaka mitatu bwenini, na nyumbani kabla ya hapo hatukuwa tukikulazimisha, kwa sababu mtoto anayelazwa mara kwa mara unamwachia ale anachotaka, bora ale.

Majibu yalipokuja, vitamini B12 yako ilikuwa pikogramu 132 kwa mililita. Maabara ile kiwango chake cha chini ni 200. Mimi napakia magunia ya dagaa yanayokwenda mpaka Kongo, na mwanangu alikuwa amepungukiwa na kitu kilichojaa ndani ya magunia hayo. Sikulala usiku ule.

Sasa chukua karatasi ya kwanza, ile ya picha kamili ya damu. Tafuta mstari ulioandikwa MCV. Huo ni ukubwa wa chembe nyekundu. Kwa watu wengi huwa kati ya 80 na 100. Wako ulikuwa 112. Mtu akikosa B12, chembe zake huvimba hivyo, na daktari yeyote angeshtuka. Wewe hukumshtua mtu kwa sababu unatumia haidroksiyurea, dawa yako ya sikoseli, na haidroksiyurea nayo hukuza chembe. Kwa mgonjwa wa sikoseli MCV ikipanda tunafurahi: dawa inamezwa na inafanya kazi. Kwa hiyo ile namba ilisomwa vizuri, ila ilikuwa na sababu mbili na sisi tuliona moja.

Kitu kingine kilichouficha upungufu kilikuwa kidonge chako cha foliki asidi. Hapa naomba usome taratibu, usije ukakitupa kwa hasira. Foliki ni ndugu wa B12. Wengine huiita B9. Unaihitaji kuliko mimi. Chembe zangu nyekundu hukaa mwilini kama siku 120 ndipo zife. Zako hukaa siku 10 hadi 20. Uboho wako, ule ulio ndani ya mifupa na unaotengeneza damu, ni fundi anayefyatua matofali ya ukuta unaobomoka kila wiki mbili, na foliki ni mojawapo ya malighafi zake, na akiba yake mwilini huisha ndani ya miezi michache tu. Ndiyo maana tangu uchanga wako unameza miligramu 5 kila siku, wakati mtu mzima wa kawaida anahitaji mikrogramu 400. Uendelee nayo hadi daktari wako aseme vinginevyo.

Lakini foliki ikiwa nyingi inaweza kuusukuma uboho utengeneze damu hata pale B12 inapokosekana. Damu ikipimwa, inaonekana iko pale pale. Mishipa ya fahamu foliki haiwezi kuisaidia. Yenyewe inaitaka B12, na ikiikosa inaendelea kuharibika kimya kimya nyuma ya karatasi nzuri. Ile 7.6 iliyotufanya tushukuru Mungu haikuwa imesema uongo. Ilijibu swali la damu, nasi tukaichukua kama jibu la mwili mzima.

Daktari alinisimulia historia ambayo bado naipenda. Mwaka 1931 daktari mmoja wa Kiingereza, Lucy Wills, alikuwa Bombay, India, akiwachunguza wajawazito waliopungukiwa damu, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Chembe zao zilikuwa kubwa, sawa na za wagonjwa ambao tangu mwaka 1926 walikuwa wakitibiwa kwa ini. Yeye akawaponya akina mama wale kwa Marmite, ile hamira nyeusi inayopakwa kwenye mkate. Baadaye akaona kwamba dondoo la ini lililosafishwa, ambalo liliwaponya wale wagonjwa wengine, kwa hawa halikufanya kitu. Ikawa dhahiri kuwa ni upungufu wa aina mbili wenye sura moja. Kitu cha Marmite kilikuja kupatikana kwenye majani ya spinachi mwaka 1941, kikaitwa foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Cha kwenye ini kilitengwa mwaka 1948, nacho ndicho B12. Katikati ya hapo wapo wagonjwa waliokosa B12 wakapewa foliki peke yake: damu ikapanda, miguu ikazidi kufa ganzi. Niliposikia hayo nikamwambia daktari, basi hilo lilijulikana kabla sijazaliwa.

Kwangu ilibaki picha rahisi: moja ni ya jani, nyingine ni ya mnyama. Mchicha, kisamvu, kunde, choroko, maharage, parachichi, machungwa, huko kuna foliki, mradi usichemshe majani mpaka yabadilike rangi, maana moto mrefu huiua. B12 hutaipata shambani kwa mboga yoyote. Iko kwenye ini, nyama, mayai, maziwa na samaki. Mwili unahitaji kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini lako huweka akiba ya miaka. Ndiyo maana upungufu wa B12 unaotokana na chakula huchelewa kujitokeza, na ukijitokeza mtu hakumbuki aliacha kula nini, lini.

Karatasi ya pili ni ile ya 132. Ya tatu ni baada ya sindano. Ulichomwa kila baada ya siku moja, kisha mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, na namba ikaruka juu sana. Usiitumie hiyo kujilinganisha. Ukishachomwa B12, kipimo cha damu kinaonyesha sindano, hakionyeshi unavyoishi. Hili nalisema kwa sababu najua wenzako watakwambia: umechoka, nenda duka la dawa ukachomwe vitamini B. Mama, usikubali kabla ya kupima. Sindano ya leo inaweza kumnyima daktari jibu la kesho. Karatasi ya nne, ya mwaka jana, ndiyo ya kuaminika: 341, miezi mingi baada ya sindano ya mwisho, kwa chakula chako mwenyewe. Ikishuka kati ya 200 na 300, usiambiwe “iko sawa” ukaondoka. Hapo ni mahali pa mashaka, watu wengine huanza kuumia wakiwa hapo. Mwambie daktari kuhusu miguu yako. Asome namba na miguu pamoja.

Na zile dawa za kuongeza damu. Hili ni kosa langu, nilikununulia chupa mbili ule mwezi wa Juni bila kumuuliza mtu. Nyingi zina madini ya chuma. Wewe umeongezewa damu mara nne, na kila chupa ya damu huja na chuma chake, ambacho mwili hauna njia ya kukitoa; kinajilundika kwenye ini na moyo. Upungufu wako wa damu hautokani na kukosa chuma mpaka kipimo cha feritini, kile cha akiba ya chuma mwilini, kiseme hivyo. Ukipewa kidonge ambacho chuma na foliki vimechanganywa, kirudishe dirishani, omba foliki peke yake. Usione haya, hata foleni ikiwa ndefu.

Kuna jambo ambalo mama yako angelisema vizuri kuliko mimi. Siku Mungu akikujalia ujauzito, waambie tangu hudhurio la kwanza kwamba una sikoseli na unatumia foliki ya miligramu 5. Dozi kubwa hivyo huidhoofisha SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, na wao watapanga la kufanya. Kabla ya hapo, huyo mwenzako apime sikoseli. Mimi na mama yako hatukupima. Kila mmoja alikuwa amebeba nusu, wote wazima, hatukujua mpaka vidole vyako vilipovimba ukiwa na miezi minane.

Mishipa hupona polepole. Moto wa nyayo uliisha mwezi wa pili wa sindano, kuyumba kukaisha kabla ya Krismasi, na kidole gumba cha mguu wa kushoto uliniambia bado kina ganzi. Daktari alisema kinaweza kubaki hivyo, kwa sababu tulichelewa. Nikikupigia Jumapili na nikikuuliza habari ya kidole, usiseme “kawaida tu, baba”. Niambie ukweli wake.

Kila mwezi, usiku, simama karibu na kitanda, mahali pa kujishika, na mwenzako wa chumbani awe kando yako. Miguu pamoja, fumba macho, hesabu mpaka ishirini. Ukiyumba, usingoje tarehe ya kliniki.

Kuhusu dagaa, mama yako amesema uwatoe vichwa, uwaoshe kwa maji ya moto mara mbili, uwakaange wakauke kabisa, ndipo uweke kitunguu, nyanya na ndimu ya kutosha. Harufu itapungua sana. Kopo lifunge vizuri, mende wa bwenini wanapenda dagaa kuliko wewe. Wakikaribia kwisha unitumie ujumbe, basi la Morogoro linaondoka hapa kila alfajiri.

Baba yako