Mechi ya Julai bado tunaidai

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo linalotuumiza sisi tunaolea timu za mitaani huku Mtwara. Mimi ni katibu wa timu moja ya hapa Mikindani, huu mwaka wa tisa.

Jumamosi moja ya Julai tulikuwa na mechi ya ligi nyumbani, saa kumi jioni. Vijana walichora mistari kwa majivu tangu asubuhi kwa sababu chokaa ilikuwa imekwisha. Beki wetu wa kulia aliacha kupuliza salfa kwenye mikorosho ya babu yake, akafika macho bado mekundu. Winga wetu ni mvuvi. Usiku wa kuamkia siku ile hakwenda baharini, na siku asiyokwenda baharini nyumbani kwake hakuna kitu. Refa akafika, washika vibendera wakafika, watoto wakajaa juu ya ukuta. Saa kumi na nusu, wageni hawapo. Nikampigia katibu wao. Simu ikaita, ikaita, mara ya tatu ikawa imezimwa. Saa kumi na mbili kasorobo refa akafunga begi lake.

Baadaye tukasikia walikwenda kucheza bonanza la mbuzi kijiji kingine. Mechi yetu ikapangwa upya, ikaahirishwa, ikapangwa tena, na hadi leo haijachezwa. Kwenye kaunta buku langu la msimu huu neno "hawakuja" nimeliandika kwa kalamu nyekundu mara tano. Na ukurasa mmoja nimeandika "hatukwenda", maana nasi tulikosa hela ya kukodi kirikuu. Siwezi kuwalaumu wenzangu nikajificha mimi.

Katika kungoja kule ndipo kipa wetu, ameegemea nguzo ya goli na simu mkononi, akaniambia, "Mama, kumbe Uingereza zamani zile kulikuwa na kipa Mwafrika." Akanisomea habari za Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra mwaka 1865, aliyekimbia yadi 100 kwa sekunde 10 pale London mwaka 1886, kisha akadaka klabu ya Preston North End. Alifariki 1930, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina mpaka 1997. Kijana wangu alinyamaza kidogo aliposoma hapo, nami pia. Kutoka kwa Wharton tukafika Preston, na kutoka Preston tukafika mwaka 1888. Toka siku hiyo nimekuwa nikiusoma mwaka ule kila nikipata nafasi.

Sisi wa huku mwaka 1888 tunaujua kwa mambo mengine. Septemba ya mwaka huo ndipo watu wa Mikindani na Lindi walipowatimua maajenti wa kampuni ya Wajerumani. Mwezi huohuo, tarehe 8, Uingereza ilianza kuchezwa ligi ya kwanza ya mpira wa miguu, na ilianza kwa sababu ya shida ileile iliyonikalisha mimi juu ya ndoo siku ile ya Julai.

Chama chao cha mpira kiliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885. Klabu zikawa na mishahara ya kutoa, lakini mechi zao nyingi zilikuwa za kirafiki, za kupatana tu. Timu ikipata mechi ya kombe au mwaliko wenye hela zaidi, ile ya kirafiki inatupwa. Watu wamekwisha fika uwanjani, mpira hakuna. Ndipo William McGregor, Mskoti mwenye duka la vitambaa Birmingham na mmoja wa viongozi wa klabu ya Aston Villa, akaandika barua tarehe 2 Machi 1888 kwa klabu chache kubwa. Alipendekeza klabu kumi au kumi na mbili ziungane, zichezeane nyumbani na ugenini, kwa tarehe za kupangwa kila msimu. Kufikia tarehe 17 Aprili, kwenye kikao cha Manchester, ligi ya timu 12 ilikuwa imeundwa.

Wala hawakungoja kila kitu kikamilike. Utaratibu wa pointi mbili kwa ushindi na moja kwa sare waliupitisha Novemba, wakati mpira unachezwa tangu Septemba. Tarehe za mechi ndizo walizotangulia kuzipanga.

Wanaosimulia msimu ule husimulia Preston: mechi 22, ushindi 18, sare 4, hakuna aliyewashinda, na kombe la FA, yaani la chama chao cha mpira, wakalichukua bila nyavu zao kuguswa. Ni haki yao kusifiwa. Mimi nawatazama Stoke, walioshika mkia kwa pointi 12. Walifungwa mechi 14, na bado walicheza zote 22. Timu 12, mechi 132, na zote zikachezwa. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe nyuma ya kaunta buku langu, nikaipigia mstari.

Najua wenzetu wale walikuwa na treni, na wafanyakazi wengi walikuwa huru Jumamosi mchana, hivyo viwanja vilijaa na viingilio vikalipia safari. Sisi tuna bodaboda na kirikuu. Kwa hiyo ninachoomba kinafuata uwezo wetu. Wasimamizi wa ligi watoe ratiba ya msimu mzima kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, kwenye karatasi, ibandikwe ofisi za kata. Waikwepe Ramadhani na wiki ambazo vijana wote wako mashambani wanaokota korosho. Timu za jirani zianze na jirani zao, ili nauli ya safari ndefu ipate muda wa kuchangwa. Timu itakayokimbilia bonanza siku ya ligi ipokwe pointi hata kama ina mashabiki wengi. Na mabadiliko ya kupigiana simu asubuhi ya mechi yakome.

Winga wetu aliniuliza juzi kama mechi ile ya Julai itachezwa, kwa sababu anataka kujua usiku gani asitoke na chombo. Sikuwa na jibu la kumpa. Wasimamizi wakiniandikia tarehe, yoyote ile, nitampelekea ufukweni mwenyewe, na chokaa safari hii nimekwisha nunua.

Katibu wa timu ya mtaa,
Mikindani, Mtwara