Wanangu, mwaka usipite bila kuhesabu

Wanangu mnaoanza utafiti wa samaki kwenye bahari za barafu, salamu nyingi.

Najua mnavyobanwa: leta jipya, chapisha haraka, tafuta ufadhili. Mimi nawaombea kazi ya zamani isiyopigiwa makofi: hesabu ya kila mwaka. Kituo kilekile, wavu uleule, msimu uleule, hata mkishaichoka.

Mwaka 2018 kaa wa theluji walijaa mashariki mwa Bahari ya Bering, kati ya Alaska na Urusi. Mwaka 2020 meli za utafiti hazikutoka, kwa sababu ya korona. Nyavu ziliporudi majini 2021, kaa zaidi ya bilioni 10 walikuwa wametoweka, na mwaka uliofuata uvuvi wao ukafungwa kwa mara ya kwanza. Makala ya kisayansi iliyotoka 2023 ilionyesha kwamba yaelekea njaa ndiyo iliyowamaliza. Maji yakipanda kutoka nyuzi 0 hadi 3 tu, mahitaji ya chakula ya kaa huyu hukaribia kuongezeka mara mbili; nao walikuwa wengi, wamebanana, na bahari imeshika joto. Wenzenu waliligunduaje hilo? Kuna watu waliokuwa wakipima joto la maji ya chini na kuweka kaa kwenye mizani mwaka baada ya mwaka, kabla hajatokea wa kuuliza. Lakini pengo la 2020 halizibiki tena, na linaniuma mpaka leo.

Nimekaa miaka mingi kwenye hadubini nikisoma mawe ya masikio ya samaki. Kajiwe kadogo, unakavunja katikati, unahesabu pete moja moja kama za mti. Macho yanauma. Ila samaki huyo amekuambia umri wake, na jiwe hilo ukilitunza, mwenzako atalisoma tena ukiwa umeshaondoka.

Upande wa kusini, kwenye bahari ya Antaktiki, kikomo cha kuvua tani 620,000 za krili, wale wadudu wa baharini wanaofanana na kamba wadogo, kilifikiwa mwaka 2025 kabla msimu haujaisha. Sitasema mengi hapo. Mwajua wenyewe nani mwingine anamla krili: nyangumi, pengwini na sili.

Kaskazini ndiko kwenye nafasi adimu. Mkataba uliosainiwa Ilulissat, Greenland, mwaka 2018 ulianza kutumika 2021, ukazuia uvuvi wa kibiashara katikati ya Bahari ya Aktiki kwa miaka 16 ya kwanza, ili sayansi itangulie meli. Ni mara chache sana tumepewa bahari tuihesabu kabla ya kuivua! Miaka hiyo inakwisha 2037, na kila kiangazi mnachokiacha kipite kinaipunguza.

Kwa hiyo wavu ukitoka mtupu, vidole vimekufa ganzi na kila mtu anataka kwenda kulala, andikeni sifuri. Tumieni penseli, wino huganda. Wekeni tarehe, kina na joto la maji.

Daftari zangu zote ninazo bado. Anayezihitaji aje, nitakaa naye ukurasa kwa ukurasa.

Mzee wenu